Safina ya Nuhu, mikono 300: tumeipima mchangani Kunduchi, sasa nataka tuisimamishe

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu.

Bamvua lililopita, maji yalipokupwa mpaka mwamba ukaonekana, mimi na mjomba tulishuka pwani ya Kunduchi na kamba ya usumba tuliyoiungaunga ikatimia pima 75. Mjomba ni fundi wa majahazi, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Alishika ncha moja pale zilipopandishwa ngalawa, nami nikachukua ncha ya pili nikaanza kuufuata ufuko. Nikatembea, nikatembea. Nilipogeuka, mjomba alikuwa ameshakuwa mdogo kama mtoto wa darasa la kwanza, na kamba ilikuwa bado inalegea. Kuikaza ilibidi tupigiane simu, maana kusi ilikuwa inachukua sauti zote. Nikapigilia kigingi, nikakaa chini, nikaitazama nafasi iliyokuwa kati yetu. Namba hii nimeisoma tangu utotoni, lakini siku hiyo ndiyo niliyoielewa.

Pima 75 ni mikono 300, na mikono 300 ndio urefu wa safina kama ulivyoandikwa Mwanzo 6:15. Upana mikono 50, kimo mikono 30.

Kwa ambao hawakukulia pwani: pima ni kipimo cha kamba kati ya mikono miwili iliyonyooshwa, na huhesabiwa mikono minne. Mkono, wengine husema dhiraa, huanzia kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mataifa mengine yanahitaji maelezo marefu kuhusu kipimo hiki kwa sababu walishakiacha. Mjomba hakuhitaji maelezo yoyote. Nilimsomea ule mstari, akafumba macho kidogo, akasema: "Pima sabini na tano, kwa kumi na mbili na nusu, kwenda juu saba na nusu. Mwanangu, hicho si chombo, huo ni mtaa."

Halafu akanifundisha jambo ambalo sikuwahi kuliwaza. Alinyoosha mkono wake, tukaupima kwa tepu: sentimita 45. Wangu ukatoka 48. Tofauti ya vidole viwili tu, lakini izidishe mara 300 uone: mita 9. Kwa mkono wa mjomba safina ni mita 135, kwa mkono wangu ni mita 144. Ndiyo maana katika kazi ya chombo, anasema, mkono unaopima ni mmoja mwanzo hadi mwisho, wa fundi mkuu, hata kama wasaidizi wake wana mikono mirefu zaidi. Tuliamua kutumia mkono wake.

Kwa hiyo: urefu mita 135, upana mita 22.5, kimo mita 13.5. Uwanja wa mpira una mita 105 goli hadi goli. Chukua uwanja huo, ongeza mita 30, kisha uinue kufikia jengo la ghorofa nne.

Hoja yangu sasa. Nataka Dar es Salaam ijenge safina kwa ukubwa wake halisi, kwa mikono ya mafundi wa majahazi, kwa mbao, misumari na kalafati, yaani pamba ya kuziba mianya ya mbao. Na kwa kuwa yote hatuiwezi, tuanze na kipande: upana wote wa mikono 50, kimo chote cha mikono 30, dari zote tatu, ila urefu wake mikono 10 tu. Kama slesi moja ya boflo. Mtu asimame mbele yake aone ndani yote kutoka chini hadi paa.

Nasema haya kwa moyo wangu wote. Baba yangu ni Mkristo, upande wa mama ni Waislamu, na Nuhu nimefundishwa na pande zote mbili. Karibuni tujadili.

#2 Mchangiaji

Mkuu, wazo zuri, ila mbona zipo tayari? Wamarekani wamejenga, Waholanzi nao wamejenga. Sisi tukijenga kipande tutakuwa tumeongeza nini?

#3 Mleta uzi

Swali la haki kabisa, nalijibu kwa urefu kwa sababu nimezifuatilia zote.

Ya Marekani iko Williamstown, jimbo la Kentucky. Ilifunguliwa tarehe 7 Julai 2016. Ina urefu wa mita 155 hivi, kwa sababu walichagua mkono mrefu, karibu sentimita 52. Gharama ilipita dola milioni 100. Kazi ya mbao ya ndani ni ya kustaajabisha, na mafundi wengi walikuwa Waamishi, jamii ambayo hadi leo inasimamisha mabanda makubwa kwa maungio ya mbao. Lakini imekaa juu ya nguzo za zege na haikukusudiwa kuelea. Ni jengo lenye umbo la safina.

Hong Kong, katika kisiwa cha Ma Wan, wanayo nyingine tangu 2009. Hiyo nayo ni jengo, na kwa kiasi kikubwa ni zege.

Ya Uholanzi ndiyo iliyonigusa. Johan Huibers, mtu wa ujenzi, aliota mwaka 1992 nchi yake imefunikwa na maji. Akaanza na safina ya nusu kipimo, urefu mita 70 hivi, akazunguka nayo kwenye mifereji watu wakipanda kuitazama. Kisha akajenga ya kipimo kamili, ikafunguliwa Dordrecht mwaka 2012. Hiyo inaelea kweli! Ila chini yake kuna matishari ya chuma yaliyounganishwa, na mbao zimejengwa juu yake. Alitaka kuipeleka London wakati wa Olimpiki ya mwaka huo, akazuiwa kwa sababu za usalama wa moto. Ile ndogo baadaye iliuzwa, ikafika hadi Ipswich, Uingereza, ikashikiliwa hapo kwa kukosa vyeti vya chombo.

Sizidharau hata moja. Mtu aliyetumia miaka ya maisha yake kupiga misumari kwa ajili ya maandiko namheshimu. Ila angalia: moja imebebwa na zege, nyingine imebebwa na chuma. Hakuna kati ya hizo iliyojengwa na watu ambao kazi yao ya kila siku ni kutengeneza vyombo vya mbao pwani bila ramani ya karatasi. Sisi watu hao tunao, ukishuka daladala Kunduchi unawakuta, na wanapungua. Hicho ndicho tutakachoongeza.

#4 Mchangiaji

Ndugu yangu, mimi ni muumini, lakini nikiangalia shule zetu zilivyo, watoto wanakaa chini, nashindwa kuona mantiki ya kununua mbao za safina. Umeshapiga hesabu?

#5 Mleta uzi

Nimepiga, na hesabu ndiyo iliyonirudisha kwenye kipande.

Safina nzima kwa mkono wa mjomba: sakafu, dari mbili za kati na paa zinatoa zaidi ya mita za mraba 12,000. Kuta za ubavuni na za mbele na nyuma zinaongeza zaidi ya 4,000. Jumla karibu 16,400. Sasa chukua mbao ya 2 kwa 8 ya futi 12, ile unayoikuta Buguruni ikishushwa kutoka Mafinga. Unahitaji zaidi ya mbao 22,000, na hapo ni ngozi tu ya unene wa inchi 2. Mkuku (uti wa chini wa chombo), mataruma (mbavu zake), mihimili na nguzo sijavigusa. Ukubwa kama ule hauwezi kukaa na ngozi ya inchi 2, mjomba alicheka nilipomwambia.

Kipande cha mikono 10 kinahitaji mbao 710 hivi za ngozi. Hicho ni kitu ambacho makanisa, misikiti na watu wa kawaida wanaweza kuchangia mbao moja moja, kila mtu na yake.

Kuhusu madawati, sikupingi hata kidogo. Na mbao za kipande hazitapotea. Siku kikibomolewa, ile 2 kwa 8 inarudi kuwa mbao, na dawati linatoka humo. Hilo nitakuwa tayari kuliandika kwenye makubaliano tangu siku ya kwanza.

Ila naomba unielewe na hili. Mjomba alikuwa na wanafunzi wawili. Mmoja sasa anaendesha bodaboda, mwingine amekwenda kwenye boti za faiba. Hawakuacha kwa uvivu. Kazi ya jahazi jipya haiji, inakuja ya kuziba na kubadilisha mbao mbili tatu. Kijana hawezi kujifunza kupanga mataruma kwa kuziba tu. Kazi moja kubwa, ya mwaka mmoja, yenye vijana kumi kando ya mzee, ni shule nayo.

#6 Mchangiaji

Mimi ni mtu wa uhandisi. Bila kumkera mtu: chombo cha mbao cha mita 135 baharini kitavunjika. Hilo linajulikana. Sasa mnajenga mfano wa kitu gani?

#7 Mleta uzi

Mkuu, hujanikera. Mjomba alisema hivyo hivyo kabla yako, tena akiwa amesimama kwenye kamba.

Aliokota ufito, akaulaza juu ya ngumi yake, ncha zote mbili zikainama. "Hili ni wimbi limeingia katikati ya chombo, omo na tezi, mbele na nyuma, zinaning'inia." Kisha akaushika ncha mbili, katikati ikazama. "Na hapa mawimbi mawili, moja mbele moja nyuma, tumbo halina kitu chini yake." Akaurudia ule ufito, juu, chini, juu, chini, mara kumi labda. Akanionyesha nyuzi za mti zilizoanza kufunguka. Anasema chombo kirefu hakizamishwi na tufani moja. Kila wimbi linasogeza mbao upana wa unywele, na kila unywele unatema pamba ya kalafati, na maji hayahitaji mlango mkubwa.

Hilo lilishaonekana kwa gharama ya roho za watu. Mwaka 1909 huko Bath, jimbo la Maine, Marekani, waliunda merikebu ya milingoti sita iitwayo Wyoming. Sitaha yake ilikuwa mita 107 hivi, na ukihesabu na miti iliyotokeza mbele na nyuma inafika mita 137, karibu sawa kabisa na safina. Walijua ni ndefu mno kwa mbao, wakaifunga kwa vyuma vya mshazari. Bado ilikuwa inajipinda, mbao zinaachia, inavuja, na pampu hazipumziki. Ilizama Machi 1924 na mabaharia wote waliokuwemo.

Kwa hiyo swali lako ni zito na silikwepi. Nina mambo mawili tu ya kuweka mezani.

Kwanza, Wyoming ilikuwa inasafiri, imebeba makaa ya mawe, milingoti sita inavutwa na upepo. Mwanzo haitaji mlingoti, wala tanga, wala usukani. Safina ilitakiwa ielee, basi. Neno la Kiebrania lililotumika pale ni lile lile lililotumika kwa kisafina alichowekwa mtoto Musa mtoni. Ni sanduku. Hilo linapunguza baadhi ya mateso ya chombo, ingawa wimbi ni wimbi.

Pili, mimi ninaamini aliyeamuru ijengwe ndiye aliyeishika. Hilo ni la imani na silileti kama hesabu.

Na ndiyo sababu nyingine ya kutaka kipande na si kizima. Kipande cha mikono 10 kinasimama nchi kavu, hakimdanganyi mtu kwamba kitasafiri, na hakihitaji kufichwa chuma ndani. Kila mbao utakayoiona itakuwa imebeba uzito wake kweli.

#8 Mchangiaji

Assalaam alaykum. Mleta uzi umetaja pande zote mbili lakini mpaka sasa naona Mwanzo tu. Kwenye Suratul Qamar aya ya 13 safina imeelezwa kwa vitu vilivyoiunda: mbao na dusur. Lipo la kujadili hapo.

#9 Mleta uzi

Waalaykum salaam warahmatullah. Ahsante sana, maana hapa ndipo mjomba aliponifungua macho.

Qur'ani haitoi vipimo vya mikono. Inatoa kazi yenyewe. Suratul Hud, kuanzia aya ya 37, Nuhu anaamrishwa aunde jahazi mbele ya macho ya Mola wake, na kila wakubwa wa kaumu yake walipompitia walimfanyia dhihaka. Tulipokuwa tunakaza kamba, kijana mmoja alisimamisha pikipiki akauliza kama tunapima viwanja vya kuuza. Mjomba akamjibu taratibu tunapima safina, kijana akaondoka anatikisa kichwa. Mjomba akaniambia aya ya 38 hiyo imepita mbele yako.

Na aya ya 41, "Bismillahi majreha wa mursaha," ndiyo anayoisoma kila chombo alichokiunda kinaposukumwa majini kwa mara ya kwanza. Nimemsikia akiisoma tangu nikiwa mdogo, nikidhani ni dua ya wavuvi tu.

Sasa dusur. Tafsiri nyingi za Kiswahili husema misumari. Lakini katika Kiarabu neno hilo limeelezwa pia kuwa ni kamba za nyuzi za mtende zinazofungia mbao za chombo. Nilipomtajia mjomba hilo, aliweka chini tezo yake. "Kumbe mtepe," akasema.

Kwa vijana: mtepe ulikuwa chombo cha pwani yetu ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba, na tanga lake lilikuwa mkeka. Msumari haukutumika. Mgiriki aliyeandika habari za pwani hii karibu miaka 2,000 iliyopita aliitaja bandari ya Rhapta, akasema imeitwa hivyo kwa sababu ya vyombo vyake vya kushonwa. Mitepe ilitoweka baharini karne iliyopita. Babu yake mjomba aliiona.

Lipo na jingine la kamba. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza kuna mtaalamu aitwaye Irving Finkel aliyesoma kigae cha udongo cha Babeli chenye umri wa miaka 3,700 hivi. Kigae kinasimulia gharika, na chombo chake ni cha duara, kama kikapu kikubwa, kimesukwa kwa kamba na kupakwa lami, eneo la sakafu mita za mraba 3,600. Mwaka 2014 mfano wake mdogo ulijengwa Kerala, India. Ulielea, ila ulivuja kwa sababu lami iliyopatikana haikuwa nzuri, wakalazimika kutumia pampu. Kigae hicho si kitabu changu cha dini na sikichanganyi na Qur'ani wala Biblia. Lakini fundi akisikia neno kamba na neno lami katika habari hiyo hiyo anajua wanazungumza watu waliowahi kuunda chombo.

Ndiyo maana napendekeza kipande chetu kiwe na ubavu mmoja wa misumari na ubavu mmoja wa kushona. Usumba Dar upo, na mjomba anasema yuko tayari kujaribu mshono wa babu yake, ingawa mwenyewe hajawahi kushona chombo kizima.

#10 Mchangiaji

Naomba kuuliza kitoto: Biblia inasema mti wa mvinje. Ni hii mivinje ya Coco Beach?

#11 Mleta uzi

Swali si la kitoto hata kidogo!

Kiebrania kinasema gofer, na neno hilo limetokea mara hiyo moja tu katika Biblia nzima. Waliotafsiri kwa Kiswahili wakaandika mvinje, na mvinje wetu ni ule ule wa ufukweni wenye majani kama nywele na vijikoni vinavyochoma miguu. Mti huo asili yake ni Asia na Australia, kwa hiyo sidhani Nuhu aliuona. Mjomba anaupenda kwa nguzo, mapau na kuni, ila mbao za chombo hapana, unapasuka. Akichagua yeye ni mvule au mkongo, na bei yake mnaijua.

Mivinje tutaitumia vizuri tu. Chombo kikiwa kinaundwa kinaegemezwa kwa miti pande zote, na kipande chenye kimo cha mikono 30 na urefu wa mikono 10 tu kitahitaji kuegemezwa haswa, kwa upepo wa kusi. Hapo mvinje ndio mahali pake.

Na mkitaka kuona watafsiri wetu walivyoijua pwani, fungueni Kutoka 2:3. Kisafina cha Musa kilipakwa "sifa na lami". Sifa! Yale mafuta ya papa yanayonuka mpaka barabarani, ambayo mjomba anapaka mbao kila mwaka. Mama yake Musa alifanya kazi ya fundi wa Kunduchi.

#12 Mchangiaji

Mimi nashauri tuanze na kidogo zaidi. Ile mashua iliyofukuliwa Galilaya. Hiyo tunaweza kuijenga nzima mwaka huu huu, na wavuvi wa Mbweni watapanda.

#13 Mleta uzi

Wazo hili nimelala nalo siku mbili.

Kwa wasioijua: mwaka 1986 ziwa la Galilaya lilikauka sana, ndugu wawili wavuvi wakaona mbao kwenye tope. Ikatoka mashua ya karne ya kwanza, urefu mita 8 na kidogo, upana mita 2.3. Imetengenezwa kwa aina nyingi za miti, vipande vya kuokoteza vimebandikwa hapa na pale. Mjomba alipoona picha alicheka kwa furaha, akasema huyu fundi hakuwa na hela, lakini alijua.

Nakubali kabisa. Mashua hiyo iwe kazi ya kwanza ya vijana, wajifunzie hapo. Mita 8 ni chombo cha kawaida kwa mjomba. Kisha vijana hao hao waingie kwenye kipande cha safina wakiwa tayari wanajua kukalafati. Umeuboresha mpango wangu, ahsante.

#14 Mchangiaji

Kibali mtapata wapi? Ufukweni hapajengwi.

#15 Mleta uzi

Ni kweli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kwa hiyo mashua iundwe pale pale panapoundwa vyombo, na kipande kikae nyuma ya mita 60, nchi kavu. Natazama upande wa Kigamboni, kuna nafasi, na magari ya mbao yanapita darajani. Ni jengo la muda la mbao lenye kimo cha ghorofa nne, kwa hiyo mhandisi na watu wa Zimamoto wahusishwe kabla ya msumari wa kwanza. Mkuu wa #6, kama bado upo, ningekuomba wewe.

Nimalizie na lililotokea jana jioni, maana tangu hapo sijatulia.

Mjomba alikuwa anachora kipande mchangani kwa kijiti, ubavu, dari ya chini, ya pili, ya tatu. Alipofika kwenye mlango akasimama. Mwanzo 6:16 inasema mlango uwekwe ubavuni. Akaniuliza, "Mlango huu, ukishafungwa, unaukalafati vipi?" Sikuelewa. Akaeleza: pamba hupigwa kutoka nje. Fundi anasimama nje ya chombo na nyundo na patasi, anaijaza mianya, anapaka. Ndani unaweza kupaka lami, lakini kufunga mshono kwa nguvu ni kazi ya mtu aliye nje. "Sasa Nuhu yuko ndani, mkewe yuko ndani, wanawe wako ndani. Nani amebaki nje na nyundo?"

Nikafungua Biblia kwenye simu, Mwanzo 7:16, nikamsomea maneno ya mwisho ya mstari. Bwana akamfungia.

Mjomba alikaa kimya mpaka adhana ya Magharibi ikaanza. Akafuta mlango aliokuwa ameuchora, akauchora upya, mara hii bila kitasa upande wa ndani.

Bamvua lijalo tutakuwa Kunduchi tena maji yakikupwa, tunapima upana wa mikono 50. Anayekuja aje na kamba.